Mshika Fimbo

Kazi yangu ni kusimama.
Nasimama na fimbo ya tarakimu, nyekundu kwa nyeupe,
juu ya jiwe, kando ya jiwe, katikati ya mkonge,
na Ng'washi, jicho moja kwenye darubini,
ananyoosha mkono: kushoto. Kushoto kidogo. Hapo.
Kisha anaandika.
Nimekuwa elfu moja mia moja sitini na mbili, nukta nne.
Nahama hatua kumi, nakuwa nyingine.

Kiwanja ni cha Bwana Kwilasa, muuza mabondo,
Igogo, ubavuni mwa kilima.
Picha ya jengo ilichorwa kabla hatujafungua miguu ya mashine:
ghorofa tatu, madirisha yote ziwani,
na mti mmoja wa kijani usio na jina.
Ndani ya picha ile ardhi ni bapa kama sinia.
"Nipeni vipimo tu," alisema, "niite katapila."

Siku nne tulipanda, tukashuka.
Mwanza haipimwi kwa viatu vizuri.
Hapa jiwe halikuwekwa juu ya ardhi,
jiwe lilitangulia, udongo ukaomba nafasi.
Mjusi wa kichwa chekundu alikalia nukta ya sabini na moja,
akainua kifua mara tatu,
kama mhasibu anayerudia hesabu ya mwenzake.

Usiku, chini ya taa, Ng'washi aliunganisha nukta.
Zilizolingana kimo alizipitishia uzi mmoja.
"Kontua," aliniambia, "usiisumbukie.
Dhani ziwa limepanda mpaka hapo. Huu ndio ufuko wake."
Nikaona fukwe ishirini na tatu, moja juu ya nyingine,
za ziwa ambalo halijafika,
na nyayo zangu zimo katika zote.

Ilipobanana mistari, pana mteremko wa kukata pumzi.
Ilipoachana, waweza kutandika kitanda usibingirike.
Lakini chini ya sebule ya Kwilasa, katikati hasa,
kila mstari ulivunjika kona,
ncha ikitazama juu mlimani,
wa kwanza, wa pili, wa saba.
Ng'washi aliweka kidole pale, hakusema kitu.
Nilipajua. Nilisimama pale:
mchanga laini, kandambili ya mtoto, mfuniko wa ndoo,
vitu visivyofika mahali kwa miguu.

Kwilasa alivaa miwani.
"Mbona pakavu?"
"Ni Agosti."
"Basi sogezeni huo mstari."
"Kifutio ninacho," alisema Ng'washi, "shilingi mia tano.
Nikifuta hapa, korongo litabaki Igogo."

Mshika fimbo haulizwi.
Lakini siku ya pili nilikwenda kuomba maji ya kunywa
kwa Nyanzobe, chini ya mpaka, mita kumi na moja,
nyumba isiyomo kwenye ramani kwa kuwa haimo kwenye mkataba.
Ukutani kwake mna mistari mitatu ya mkaa:
mmoja kwenye kifundo, mmoja kwenye goti,
mmoja umepita kitasa cha mlango,
na kila mmoja umeandikwa mwaka.
Nikasema. Sauti ilinitoka kavu:
"Kuna mtu alishapima kabla yetu."

Kwilasa alikunja ramani mara mbili,
akaitia kwapani, akaondoka bila kuaga.
Jumatatu alipiga simu. Jengo ligeuzwe ubavu.
Vyumba viwili vitapoteza ziwa;
nani atalala humo, hakutaja.
Katikati paachwe wazi, mita sita, "kwa ajili ya magari,"
alisema, na Ng'washi akaandika: njia ya maji.

Leo napigilia vigingi.
Kigingi cha nne kimegonga jiwe, kimekataa.
Kule juu Bugando wingu limekaa kama mtu asiyeamua.
Nanyoosha fimbo. Nasubiri mkono.
Kushoto kidogo.